Wali wa Mawakala

Kila Ijumaa Lulu alipakua wali sahani mbili, akaifunika moja kwa kitambaa na kupanda nayo ngazi hadi ghorofa ya sita. Lifti ya jengo ilikuwa na miezi minne haifanyi kazi. Sahani iliyobaki chini ilikuwa ya mumewe, Machano. Iliyopanda ilikuwa ya kaka yake, Pandu. Wanaume hao walikuwa wamekaa mwaka mzima katika jengo moja la Albert Park, Durban, wakitumia mlango mmoja wa kuingilia, na hawakuwa wamesalimiana hata mara moja. Neno la mmoja kwa mwenzake lilipitia kwa Lulu, na Lulu alilipunguza ukali njiani.

Watu wa kwao hawakuona ajabu. Kisiwani, tangu vyama viwili vilipoanza kugombea viti, watu walikuwa wameacha kununua dukani kwa mtu wa chama kingine, kuswali nyuma ya imamu wake, hata kuzikana. Pandu alikuwa wa chama kinachotawala, Machano wa upinzani. Katikati ya muhula ulipofanyika uchaguzi mdogo katika jimbo lao, wote wawili walikuwa mawakala wa vyama vyao katika kituo kimoja cha kura, kwenye meza moja, tangu asubuhi mpaka kura zilipohesabiwa. Machano, kwa maelezo yake mwenyewe, alikataa kutia saini fomu ya matokeo. Miezi sita baadaye yeye na mkewe walikuwa Durban, wakiishi kwa karatasi ya muda ya waomba hifadhi, iliyogongwa muhuri kila baada ya miezi mitatu. Pandu alifuata baadaye, akitafuta kazi tu, akaipata katika kiwanda cha rangi huko Jacobs.

Mwezi wa Juni, mwaka 1999, redio ikatangaza kwamba vyama hivyo viwili vimetia saini muafaka.

Habari hiyo Lulu aliipata saluni, alikokuwa akifua taulo na kuosha vichwa vya wateja. Mwenye saluni, Julienne, mwanamke wa Bukavu, alipunguza sauti ya redio kama mtu anayezima jiko.

"Dada Lulu! Wakubwa ya kwenu balipatana!"

"Nimesikia."

"Sasa bwana yako na kaka yako batakula pamoja. Utapika chungu moja tu, utapunguza gazi." Akampiga begani kwa kitana. "Mbona haucheki? Sisi kwetu bakipatana, minafunga saluni siku tatu, minacheza."

Lulu alicheka ili kumridhisha. Jioni alimweleza mumewe. Machano alikuwa akivua kizibao cha rangi ya chungwa alichokivaa ufukweni, alikokuwa akilinda magari ya watu.

"Wamepeana mikono," alisema, akakitundika kizibao kwenye msumari. "Vizuri."

Ijumaa iliyofuata Lulu alipanda ngazi na sahani yake kama kawaida.

*

Barua ilifika Jumatano ya mwisho wa mwezi, kwa Kiingereza, mistari sita. Julienne aliisoma akiwa na mikono yenye dawa ya nywele, akiishika kwa ncha za vidole. Ofisi ya wakimbizi ilimtaka Machano afike Jumanne, tarehe kumi na tatu Julai, saa tatu asubuhi. Kwa kuwa hali ya nchi yake imebadilika, aeleze ni kwa nini hawezi kurudi. Aje na ushahidi au shahidi. Asipofika, ombi litafungwa.

"Litafungwa maana yake nini?" Lulu aliuliza.

"Maana yake batakupa siku kidogo, halafu murudi kwenu." Julienne alimrudishia barua. "Eish. Amani ya kwenu imewaletea matata."

Siku hiyo Machano alirudi mapema. Kulikuwa na upepo, magari yalikuwa machache, na mama mmoja alimwachia senti hamsini pamoja na nusu ya mkate wenye nyama, alama za meno bado zinaonekana. Aliuweka mkate huo mezani bila kueleza ulikotoka. Lulu aliona meno, akauondoa, akampa barua.

"Wanataka shahidi," alisema.

"Sina shahidi."

"Yuko ghorofa ya sita."

Machano aliikunja barua katika mikunjo yake, kisha akaikunja tena pasipokuwa na mkunjo.

"Pandu ni wa upande ule."

"Ndiyo maana. Akija mtu wa upande wetu, watasema anampendelea mwenzake. Pandu alikaa na wewe meza moja kutwa nzima. Aseme tu kwamba ulikataa kutia saini, basi."

"Asije."

"Sababu?"

"Nimesema asije, Lulu."

"Wao wakubwa wamekaa meza moja wakasainiana, nyinyi wawili mna ugomvi gani mkubwa kuliko wao?"

Machano aliingia bafuni na kufungua maji. Maji yalikimbia muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kunawa uso.

Lulu hakuendelea kubishana, kwa sababu katika hesabu yake mwenyewe chanzo cha yote kilikuwa kimoja: yeye. Alikuwa binti wa nyumba ya chama kinachotawala, ameolewa katika nyumba ya upinzani. Baada ya uchaguzi ule mdogo majirani walianza kulipita duka la mumewe kama watu wanaolipita kaburi, na Lulu alielewa. Kisha mama mkwe akafariki. Asubuhi ile ua ulikuwa mtupu, mikeka imetandikwa, maji ya kuoshea yamechemka, na hakuna aliyekuja. Lulu alimwendea mumewe akamwuliza, "Mimi nikiondoka, watu watakuja?" Machano alitazama chini. "Nenda," alisema.

Alikwenda. Alikaa katika banda la makumbi la jirani tangu asubuhi hadi alasiri, akachungulia katika nafasi ya makuti jeneza likipita. Alihesabu watu saba. Hawakutosha hata kupokezana. Tangu siku hiyo aliamini kwamba aliondoka akiwa amechelewa, na kwamba mwanamke mwenye akili zaidi angeondoka usiku wa kuamkia. Jambo hilo hakumwambia mtu, wala mumewe hakulirejea.

*

Ijumaa alipanda na sahani. Pandu alikuwa amekaa juu ya kreti, kucha zake zina rangi ya buluu isiyotoka kwa sabuni. Chumba chake kilikuwa na godoro, redio na kalenda ya kiwanda.

"Leo umetia na papa," alisema baada ya kufunua. "Kuna shida gani?"

"Kaka Pandu, Jumanne ya tarehe kumi na tatu uombe ruhusa kazini."

Akamweleza. Pandu alisikiliza bila kugusa chakula.

"Yeye amekutuma?"

"Hajanituma."

"Amekukataza?"

Lulu alianza kukunja kitambaa cha sahani, na hilo lilimtosha Pandu.

"Siku moja bila kazi si neno," alisema. "Mimi nitakwenda. Lakini nitasema nilichokiona. Sitaongeza, sitapunguza. Mwambie hivyo mumeo, kwa maneno hayo hayo."

"Nani anataka uongeze? Sema ulichokiona."

Kaka yake alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo.

"Wewe, Lulu, mumeo amekueleza nini kuhusu siku ile?"

"Kwamba alikataa kutia saini."

"Basi," alisema Pandu, akaanza kula. "Kazi za mawakala ni za mawakala. Umwambie nilivyosema."

Lulu hakumwambia Machano. Alijua angekataa tena, na tarehe ilikuwa inakaribia. Aliona kwamba mambo yakishafika mezani, mbele ya afisa, wanaume wote wawili wataona haya kuendelea kununiana.

*

Jumanne foleni ilikuwa imezunguka kona. Machano na Lulu waliingia saa nne kasorobo. Chumba kilikuwa na meza moja, mafaili yaliyopangwa sakafuni, na jiko dogo la umeme la kuotea joto miguuni mwa afisa, mwanamke wa makamo aliyevaa koti juu ya sweta. Mkalimani aliitwa Ezéchiel, aliyewahi kuwa mwalimu huko Uvira. Afisa alizungumza Kiingereza, na Ezéchiel aliyaleta maneno yake kwa Kiswahili cha kwao.

"Anauliza: wakubwa ya vyama yenu balishapatana. Weye unaogopa nini sasa?"

Machano aliyarudia maelezo yaliyokuwa katika faili: alikuwa wakala, alikataa kutia saini, serikali ilimtafuta. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma ubao wa duka.

"Anauliza: uko na shahidi?"

"Hapana," alisema Machano.

"Yuko nje," alisema Lulu.

Machano aligeuka. Lulu alikuwa ameshainuka kufungua mlango, na Pandu aliingia akiwa amevaa shati la Idi, limepigwa pasi. Alimsalimu afisa, akamsalimu mkalimani. Kisha, baada ya miaka miwili, akasema, "Asalaam alaykum, shemegi."

"Wa alaykum salaam," Machano alijibu, na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

Afisa alimtaka Pandu aeleze.

"Mimi nilikuwa wakala wa chama kinachotawala. Nilikaa kushoto kwa msimamizi, Machano kulia. Saa saba chama changu kikaniletea wali. Chakula cha chama chake hakikuja. Nikamwambia karibu. Tukala sahani moja, na dirisha lilikuwa wazi."

"Anauliza: mbona unasema dirisha?"

"Kwa sababu foleni yote ilituona."

"Endelea."

"Jioni tukahesabu kura. Tulihesabu mara mbili; mara ya pili ni Machano aliyetaka. Sisi tulipata kura kumi na moja zaidi. Mimi nikatia saini fomu. Na yeye akatia saini."

Ezéchiel alianza kutafsiri, akasita. "Unasema alitia? Ao alikataa?"

"Alitia. Kalamu ilikuwa yangu."

Tafsiri ilipofika kwa afisa, alifungua faili, akarudi nyuma kurasa mbili, akaweka kidole kwenye mstari. Hakupandisha sauti.

"Anasema: hapa umeandika ulikataa. Hii ni uongo?"

Jiko la umeme lililia kidogo, likatulia.

"Ni uongo," alisema. "Kuna mtu anayewaandikia watu fomu huko nje. Nilimwambia mambo yangu ni ya majirani. Akasema majirani hawana uzito, hapa wanataka serikali. Nikamwachia aandike."

"Na kweli ni nini?"

"Kweli ni hiyo ya Pandu. Chama chetu kilituagiza mawakala: mkishindwa, msisaini. Vituo vingine sivijui. Cha kwetu hesabu ilikuwa sahihi. Nilihesabu mimi mwenyewe. Ningeandika nini?"

Afisa alimgeukia Pandu. Ezéchiel aliuliza, "Serikali ilimufanya nini?"

"Serikali haikumgusa. Ni watu wa chama chake, majirani. Walisema amenunuliwa kwa wali. Tangu siku ile duka lake halikuuza hata kibiriti. Wakatia moto mlango. Mama yake alipofariki, waliomzika ni watu saba. Mimi nilisimama mbali, barabarani, ningesogea ningemzidishia."

Nyuma yao, kwenye benchi, Lulu alitazama mikono yake. Alikuwa akihesabu, na kama mumewe siku ile, alihesabu mara mbili. Wali ulikuwa umeliwa mchana. Saini ilitiwa jioni. Duka lilianza kususwa kesho yake. Miaka mitano aliyokaa katika nyumba ile kabla ya siku hiyo, wanawake wa mtaa walimwazima kinu, wakamletea watoto wao awachane nywele, na wote walijua ametoka nyumba ya chama gani. Hesabu ilitoka ile ile mara zote mbili. Yeye hakuwamo.

"Afisa anasema: lakini sasa kuna muafaka."

"Muafaka wamesaini viongozi," alijibu Pandu. "Majirani wa Machano hawajasaini kitu."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Kisha Ezéchiel akawasomea kwa Kiswahili maelezo mapya: wali, dirisha, kura kumi na moja, saini, duka, mlango, maziko. Mwisho wake ulikuwa hivi: *Mke wangu alikuwapo na alifahamu mambo yote haya tangu mwanzo.* Machano alitia saini. Karatasi ikasukumwa kwa Lulu, pamoja na kalamu.

"Hayo ya mwisho si kweli," alisema Lulu.

Machano aligeuka. Ezéchiel aliinama akapunguza sauti. "Mama, hii kitu iko kidogo. Tia tu, tumalize. Ukipinga, atasema hii tena iko uongo, atatupilia mbali yote."

"Sikufahamu. Mimi niliambiwa mengine."

"Lulu," alisema Machano.

"Mwambie nimefahamu leo, katika chumba hiki. Akiandika hivyo nitasaini."

Ezéchiel alitazama dari, kisha akatafsiri. Afisa aliondoa miwani. Alimtazama Lulu kwa mara ya kwanza tangu waingie, akamtazama na Machano, akauliza kitu kifupi.

"Anauliza: yeye alikuambia majirani balimususa kwa sababu gani?"

"Hakuniambia sababu. Aliniacha nidhani ni mimi."

Afisa aliukata mstari ule kwa kalamu, akaandika mwingine juu yake, na Lulu akatia jina lake polepole, herufi kwa herufi. Ezéchiel akaleta maneno ya mwisho. Uongo wa kwanza utabaki katika faili, haufutiki. Lakini afisa amesikia maelezo mengi yaliyolingana neno kwa neno, ya mume na mke na shahidi, na hajapata kuona mke akiyasahihisha huku anajua anachoweza kupoteza. Atayapeleka mbele kama yalivyo. Akapiga muhuri. Miezi mitatu.

*

Walirudi kwa miguu. Wanaume walitangulia. Walipita robot ya kwanza, taa za kuongozea magari, na kwenye ya pili Pandu alisema, "Umekonda, shemegi. Magari hayana mafuta?" na Machano akacheka, kicheko kilichoanza kama kikohozi.

"Mwakani uchaguzi mkuu," alisema Pandu. "Mnatazamia viti vingapi?"

"Mkituacha tuhesabu wenyewe, vingi."

"Nyinyi hesabu mnaijua, mnachoshindwa ni matokeo."

"Na nyinyi matokeo mnayajua kabla ya hesabu."

Walicheka wote wawili hata mwenye kuuza ndizi akawatazama. Wakabishana jimbo kwa jimbo, ni lipi litakwenda wapi, kama muafaka utafika mwakani au utakufa njiani, na ikiwa wapinzani watapewa wizara japo moja. Walikubaliana kwamba hawatapewa. Lulu alikuja nyuma, hatua kumi, ameshika faili. Hakuna aliyegeuka mpaka mlangoni mwa jengo.

Nyumbani, Pandu alipokwisha kupanda kwake, Machano alisimama kwenye mlango wa jiko.

"Siku ile ya mama," alisema. "Mimi nilidhani ukiondoka watakuja."

"Ulidhani?"

Machano alishika fremu ya mlango.

"Ulikuwa unajua kwa nini hawaji," alisema Lulu. "Ulijua tangu asubuhi. Ukaniambia nenda."

"Ningesemaje? Kwamba mama yangu hazikwi kwa ajili ya sahani ya wali?"

"Ungesema hivyo hivyo."

"Niliona haya."

"Nami nilikaa bandani kutwa." Alifungua mfereji, akaosha mchele ambao ulikuwa umekwisha kuoshwa. "Mwakani utakapopiga hesabu zako za viti, na hiyo uitie."

Machano aliondoka mlangoni, akakaa kitandani, na baadaye akasikika akikunjua na kukunja ile karatasi yenye muhuri.

*

Ijumaa Pandu alishuka na sinia. Alilinunua kwenye duka la Mhindi karibu na msikiti, la bati, lenye maua ukingoni, na alilibeba mbele yake kama mtu anayeleta posa. Machano alitandika mkeka. Julienne, aliyepita kuchukua taulo, alisimama mlangoni akapiga makofi.

"Aa! Chungu moja! Nilisema mie!"

Lulu alipakua wali wote katika sinia moja, akaweka samaki katikati, akawawekea maji ya kunawa. Wanaume walinawa, wakakaa wakielekeana, na kila mmoja akaanza kumegea upande wa mwenzake kipande kilicho kizuri. Pandu alikuwa akisimulia jinsi msimamizi wa kituo alivyosinzia kabla ya kuhesabu.

"Njoo, Lulu," alisema Machano, akisogea kumpa nafasi. "Njoo ule nasi."

"Nimeshakula."

Ilikuwa kweli. Alikula saa tano, saluni kwa Julienne, kipande cha mkate, akiwa amesimama karibu na beseni la kuoshea vichwa.

Alichukua ufunguo wa Pandu juu ya meza, na hakuna aliyemwuliza wa nini. Alipanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, mikono mitupu, na kwa mazoea aliushika ule wa kulia mbele ya kifua kama vile kuna sahani. Katika chumba cha kaka yake alifunga mlango, akakaa juu ya kreti. Kalenda ya kiwanda ilikuwa bado kwenye mwezi wa Juni; aliifunua, akaiweka sawa. Akakaa hapo mpaka alasiri. Safari hii hakuna aliyemwambia aende.